Mwanangu Si Imara, Mwanangu Anaumwa

Mkojo ulikuwa wa moto. Ulipita kwenye gauni langu, ukashuka pajani, ukaingia kwenye kiatu, na mimi nimekaa mstari wa mbele nimempakata mwanangu Sauda, ukumbi mzima unatupigia makofi.

Dokta alikuwa amesimama mbele yetu ameshika kipaza sauti. Si daktari wa sindano, ni mhadhiri wa chuo, mkuu wa utafiti wao wa watoto waliopatwa na majanga. Mtu nadhifu, shati limenyooka, uso wa kuchekacheka. Nyuma yake walikuwa wamemulika ukutani mchoro aliouchora Sauda kwa penseli, umekuzwa mpaka unakaribia dari: mistari mingi, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka.

"Mtoto huyu nyumba imemwangukia," Dokta akawa anasema. "Bibi yake amefariki pembeni yake. Lakini mmeona alichora nini? Mlima! Milima yetu ya Uluguru, imesimama. Huu ndio ustahimilivu tunaousema. Familia imara, mtoto imara." Akainama, akamsogezea Sauda kipaza sauti mdomoni. "Sauda, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba! Mnaona wenyewe?"

Makofi. Na hapo ndipo mkojo ulipotoka.

Nilisimama na Sauda wangu kiunoni, miaka yake saba, miguu inaning'inia. Nikamwambia Dokta, "Hebu nipe hicho." Akadhani nataka kutoa shukrani, akanipa huku anatabasamu.

"Mwanangu si imara," nikasema. "Mwanangu anaumwa. Amenikojolea hapa hapa, sasa hivi, nyinyi mnapiga makofi. Anakojoa kila mvua ikinyesha na anakojoa akiulizwa habari za siku ile, na nyinyi mmekuja kwangu mara ngapi kumuuliza? Kichwani ana..."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye mtandio wake. Nilitaka kuuvua, waone. Nikamsikia Sauda ameng'ang'ania shingo yangu, nikaacha. Kichwa ni chake, si cha maonyesho. Nikamrudishia Dokta kipaza sauti chake, tukatoka, kiatu kinalia chwaka chwaka mpaka mlangoni.

Naandika haya kwa sababu sasa naweza kuandika. Kuna mama mahali fulani ana mtoto ambaye kila mtu anamsifia kwamba amepoa, ametulia, mtoto wa watu ana adabu, na yeye mwenyewe anajua kuna kitu hakiko sawa. Huyo ndiye ninayezungumza naye. Mimi si msomi. Nimeishia kidato cha nne, nasuka nywele barazani kwangu Mlali, basi. Ila mtoto wangu namjua.

Ilikuwa masika. Sauda alikuwa amepanda kwa mama yangu, kule juu mlimani, kama alivyozoea shule zikifungwa. Mvua ikanyesha mfululizo, mlima ukalegea, ukashuka na nyumba. Mama yangu alikufa. Sauda walimtoa akiwa hai, amejaa tope mpaka puani, bila hata mchubuko wa maana. Watu wakasema Alhamdulillahi, na mimi nikasema Alhamdulillahi. Hakulia msibani. Aliwapokea wageni, aliwapa watu maji ya kunawa, akaamkia kila mtu mzima aliyepita. Watu wakanipa hongera kwa malezi.

Kipupwe kilipoingia nikaanza kumsuka kwa ajili ya shule. Nikachana katikati, kichana kikapita pahali hapana kitu. Upara, laini kama kiganja. Nikachana upande wa pili, mwingine. Mimi msusi, nimeshika vichwa vya watu wazima na watoto tangu nimalize shule, nikajua huu si ukurutu wala mapunye. Nikaenda kuinua mto wake. Chini yake palikuwa na nywele, zimeviringishwa vizuri kama uzi. Alikuwa anazing'oa mwenyewe akiwa amelala, au hajalala, mimi sijui.

Tukaanza safari za hospitali, mjini. Mabenchi ya hospitali nayajua mpaka misumari yake. Kuna benchi la kusubiri kadi, la kusubiri daktari, la kusubiri vipimo, na la kusubiri daktari aliyekwenda kunywa chai. Kwa nywele wakanipa dawa ya kupaka. Kwa kukojoa kitandani wakanipa dawa ya minyoo, kisha wakaniambia nisimpe maji jioni. Hakuna aliyeuliza imeanza lini. Ningejibiwa vibaya ningekuwa na wa kumlaumu, lakini hata kuulizwa sikuulizwa.

Nyumbani nako ndiyo usiseme. Mume wangu, Baba Sauda, ni fundi wa kuezeka. Mtu mpole, lakini tangu msiba alikuwa kama amemeza jiwe.

"Umemdekeza," akaniambia siku moja naanika godoro. "Mtoto mzima anakuwa kikojozi, majirani wanaona."

"Majirani wangeona nawe unamshika mtoto mkono, ingekuwa vizuri zaidi."

"Mimi nifanye nini sasa? Mimi ni daktari?"

"Wewe ni baba yake!"

Akachukua nyundo yake, akaondoka. Mvua ndogo tu ikigonga bati, Sauda anaingia mvunguni. Baba yake akimwona anaingia mvunguni, anatoka nje, anasimama kwenye hiyo hiyo mvua. Nikawa nimebaki katikati, mmoja mvunguni, mmoja uani, na mimi natazama ukuta.

Wapo walionisaidia, nisiwanyime haki yao. Mwalimu wake alimhamishia dawati la karibu na mlango bila kuuliza maswali mengi. Jirani mmoja aliniletea nailoni nene ya kutandika juu ya godoro, ameikunja kwenye khanga ili watu wasione anachobeba. Huyo dua zangu zote anazo.

Sasa hawa wa utafiti. Walikuja mara ya kwanza baada ya arobaini. Nilifurahi, sitadanganya. Wakasema wanatafuta watoto wa familia zilizoangukiwa na maporomoko, wajue nani anahitaji msaada na nani ana nguvu ya kusimama mwenyewe. Wenye kuhitaji wangepewa karatasi ya kwenda kwa mshauri wa watoto hospitalini mjini, kila Alhamisi. Nikasema Mungu amesikia.

Aliyekuwa anatujia ni binti mmoja anaitwa Neema, mwanafunzi wa Dokta, mzaliwa wa mikoa ya kaskazini. Hakuanza na mimi. Dokta alikuwa amesoma kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na mwenye neno ni mjomba. Ni kweli. Basi wakamwita kaka yangu Kibwana atie saini na ajibu maswali. Mimi nilikuwa pembeni namsuka mtu. Mjomba ana neno, sikatai, ila mjomba halali chumba kimoja na mtoto.

"Mtoto analala vizuri, mjomba?" Neema akauliza, kalamu mkononi.

"Analala vizuri tu," kaka akajibu, "ila..."

"Anakula?"

"Anakula, hajambo, ila siku hizi..."

"Anacheza na wenzake?"

"Anacheza. Ila binti, mbona una haraka hivyo, umeacha chungu jikoni?"

Neema akacheka, akafungua ukurasa mwingine. Kisha akamwita Sauda. "Hujambo?" "Sijambo." "Unajisikiaje?" "Vizuri." "Unaogopa kitu?" Sauda akanitazama, akatazama chini. Mtoto aliyefundwa hamwambii mgeni matatizo kabla mgeni hajamaliza hata chai. "Siogopi." Neema akaandika.

Jamani. Kwetu mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri. Hata maiti iwe ndani unasema nzuri. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila tumefiwa." Ndivyo tulivyolelewa: kwanza unamtuliza mwenzio, kisha ndiyo unatua mzigo. Habari yenyewe iko baada ya ila. Na hii si ya Waluguru peke yao. Neema naye kwao wanasalimiana hivyo hivyo! Mama yake akimpigia simu, lazima anaanza na nzuri, kisha ndiyo anamwambia ng'ombe amekufa. Mzungu ningemsamehe. Huyu alisoma mpaka akasahau namna ya kusalimiana.

Walikuja tena vuli, mvua zilipoanza upya, na hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote. Sauda alikuwa amekonda, sauti imeshuka mpaka ananong'ona, mtandio hautoki kichwani. Safari hii nilimfuata Neema mwenyewe, nikamwambia mtoto anang'oa nywele. Akasema, "Pole sana dada, nitaandika kwenye maoni mengineyo." Kisha akamkalisha Sauda chini, akampa karatasi na penseli: achore siku ile. Sauda akachora mistari yake, akawa anakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Wakaondoka na karatasi. Sisi tukabaki na wiki nzima ya godoro uani.

Karatasi ya kwenda kwa mshauri haikuja. Iliyokuja, kiangazi, ni barua ya kutualika ukumbini. Nikajua sasa ndiyo tunapewa. Nikamvalisha gauni la Idi. Mengine nimeshakwambia.

Pale nje ya ukumbi Neema alinikimbilia. "Dada, kwa nini hukusema toka mwanzo?"

"Nilisema. Kaka alisema. Wewe ulikuwa unafungua ukurasa."

Akaangalia kiatu changu, macho yakamjaa maji. Sikumwonea huruma, siku ile huruma yangu ilikuwa na kazi nyingine. Dokta naye akafika, bado anatabasamu, ila tabasamu la upande mmoja.

"Mama, naelewa uchungu wako," akasema. "Tatizo ni moja. Sauda yuko kwenye kundi la walio imara. Hatuwezi kumhamisha katikati ya utafiti. Tutaharibu matokeo."

"Matokeo ndiyo huyu," nikamwambia. "Huyu hapa, amelowa."

"Mama, sayansi ina utaratibu wake."

"Na mkojo je, una utaratibu gani?"

Tukaondoka. Nyumbani Baba Sauda alikuwa ameshasikia, maana Mlali habari hufika kabla yako.

"Umetuaibisha mbele za watu," akasema.

"Aibu iko wapi? Kwangu au kwa aliyempigia makofi mgonjwa?"

Kisha akachukua viatu vyangu, akavitoa nje, akavisuuza mwenyewe kwa maji ya ndoo. Ndicho kitu cha kwanza alichofanya tangu msiba kilichonifanya nimtambue.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda hospitali bila karatasi. Chumba cha mshauri kiko mwisho wa korido, benchi lake fupi. Mhudumu akaniuliza, "Mko kwenye orodha ya mradi?" Nikasema hatumo. "Basi hamtaonwa." Nikasema tutakaa. Tukakaa. Watoto wenye karatasi wakaingia na kutoka, sisi tumekaa. Wiki ya pili hivyo hivyo. Alhamisi ya tatu mshauri mwenyewe, mama wa makamo, akatoka kwenda kula, akatukuta tena.

"Nyinyi ni mapambo ya benchi langu?" akauliza.

"Tunasubiri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu ingieni. Nitakula na nyinyi."

Alikuwa na machungwa. Akaketi, akamtazama Sauda. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba."

Kisha hakuuliza kitu kingine. Akaanza kumenya chungwa. Mimi nikawa natamani kusema, nikafungua mdomo, akanikata jicho, nikafunga. Akamaliza la kwanza, akampa Sauda kipande, akachukua la pili. Kimya. Nilisikia mtu anapiga chafya kule mwanzo wa korido. Akiwa katikati ya chungwa la pili Sauda akasema, kwa ile sauti yake ya kunong'ona:

"Ila bati linanifuata."

Nililia palepale, bila haya. Karibu mwaka mzima watu walikuwa wamesimama kabla ya neno hilo na kuondoka.

Tangu hapo akawa anatuona kila Alhamisi wakati wake wa kula, kwa hiari yake, na masika ya pili yalitukuta tuko njiani kila wiki na mwavuli. Sitakudanganya kwamba ilikuwa nyepesi. Kuna siku Sauda alitapika mlangoni. Kuna wiki alirudi nyuma kabisa mpaka nikamchukia yule mama na machungwa yake. Mwenye mtoto kama wangu, ujue hilo: kuna kurudi nyuma, na si mwisho.

Mistari ile tuliielewa kwenye chumba kile. Si mlima. Ni bati la nyumba ya mama yangu, migongo yake, lilivyokuwa mbele ya uso wa Sauda pale chini. Amelala chali, bati juu yake, mkono wa bibi yake pembeni, na mkono ukawa baridi. Hicho ndicho walichokimulika ukutani wakakipigia makofi.

Mshauri akaniambia, "Mlete baba." Nikajua atakataa. Hakukataa. Alikaa kwenye kile kiti kidogo, mikono ya nyundo mapajani, na nilipomweleza habari ya bati akainamisha kichwa.

"Niliezeka mimi," akasema. "Nyumba ya mkwe wangu niliezeka mimi. Misumari yote ni yangu."

Ndilo jiwe alilokuwa amelimeza. Na mimi nimelala naye kitanda kimoja.

Mshauri akamuuliza, "Siku ile ulikuwepo walipomtoa?"

"Nilikuwepo. Nilichimba kwa mikono." Akamgeukia Sauda, mara ya kwanza. "Bati lilikuwa limeegemea kitanda cha bibi. Halikuachia. Tope lote lilikuwa juu yake, wewe uko chini kama uko kwenye banda. Ndiyo maana ulikuwa unapumua."

Sauda akafikiri. "Kwa hiyo halikutaka kunila?"

"Halikukula, mama. Lilikukinga."

"Ulilipigilia wewe?"

"Nililipigilia mimi."

Wakati wa kuondoka Sauda akampa baba yake mkono.

Kipupwe hiki upara umeanza kuota manyoya, laini kama ya kifaranga. Bado anakojoa mara mojamoja. Mvunguni haingii, mvua ikianza anakwenda kukaa karibu na baba yake, na baba yake haendi tena uani. Anacheka, anagombana na wenzake, juzi amemjibu kaka Kibwana ovyo, na mimi badala ya kumchapa nimefurahi. Adabu imepungua, afya imeongezeka.

Ningeishia hapo. Lakini wiki iliyopita Neema alinipigia simu. Amesema Dokta anatuma watu tena, duru ya mwisho, na wale watoto wote waliowekwa kundi la imara bado wamo humo humo, wanahesabiwa kuwa hawajambo. Na mchoro wa Sauda umepigwa chapa kwenye bango la mradi. "Usiseme nimekwambia mimi, dada," akasema. Nikamwambia, "Habari za kwenu?" Akasema nzuri. Nikanyamaza, nikasubiri. Akasema, "Ila silali."

Basi nikakaa chini, nikaandika barua. Nikaipeleka mwenyewe chuoni, kwa mkono. Karani wa mapokezi akasema niiache tu. Nikamwambia siondoki mpaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, na kwamba kukaa kwenye mabenchi nimefuzu. Akagonga. Hii ndiyo barua yenyewe:

Kwa Mkuu wa Chuo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UTAFITI WA WATOTO WALIOPATWA NA MAJANGA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mzazi wa mtoto Sauda, mkazi wa Mlali. Sisi hatujambo, ila nina haya.

Watafiti wenu walimwuliza mwanangu hali yake, akajibu sijambo kama nilivyomfundisha, na kwa jibu hilo wakamnyima tiba. Nilipowaambia anaumwa, walisema kumtibu kutaharibu matokeo. Walimrudisha kwenye janga lile kila walipokuja, kisha wakaondoka bila kumtoa humo. Walichukua ruhusa kwa mjomba na hawakuniuliza mimi.

Naomba watoto wote mliowaita imara waonwe na mshauri kabla hamjawauliza swali jingine lolote. Naomba watakaokuja wapewe muda wa kusalimia na kusubiri. Wasipokuwa na muda huo, wasije.

Mwisho ni kuhusu mchoro ulio kwenye bango lenu. Mnaonyesha watu kuwa ni mlima. Si mlima. Ni bati lililokuwa juu ya mwanangu wakati bibi yake anakufa pembeni yake, na aliyelipigilia ni baba yake. Hamkutuuliza mlipoondoka nalo. Libandueni, mturudishie. Ni la nyumbani kwetu.

Mama Sauda,
Mlali.